Daftari la Wasiokuja: Wiki Moja Mukuru

Jumapili

Nimeingia Nairobi jioni kwa treni, nikafikia kwa binti ya shangazi yangu South B. Kutoka kwake hadi Mukuru naweza kwenda kwa miguu, ndiyo maana nilimwomba malazi.

Niandike kwanza kilichonileta. Leseni yangu inasema mimi ni muuguzi msajiliwa wa afya ya jamii, kama leseni za wauguzi wengi wa Kenya waliosomea mtaala unaounganisha uuguzi wa wodini, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Lakini tangu nihitimu nimekuwa wodi ya watoto, Mombasa. Huko mtoto hufika amekauka kwa kuharisha, macho yameingia ndani. Tunamwekea dripu, anachangamka, mama anashukuru, wanakwenda zao. Muda si muda namwona tena, au namwona mdogo wake. Nimechukua likizo nimfuate muuguzi mmoja wa jamii aliyekubali kunipokea, nione kunakotendeka yale yanayoniletea watoto hao. Hapa nitamwita Sista tu, kama wanavyomwita mtaani.

Jumatatu

Mukuru ni mkanda wa vijiji vilivyobanana kando ya Mto Ngong, mgongoni mwa Eneo la Viwanda: Kwa Njenga, Kwa Reuben, Viwandani. Kaya ni kama 100,000. Mwaka 2017 serikali ya kaunti iliutangaza kuwa eneo la mipango maalumu, na baadhi ya barabara zimetengenezwa tangu hapo. Ukiiacha barabara unaingia vichochoro ambamo watu wawili hawapishani bila mmoja kugeuka ubavu, mabati kushoto na kulia, mtaro wa maji machafu katikati.

Kituoni benchi la kliniki lilikuwa limejaa mama na watoto tangu saa mbili. Nilidhani tutaanza na hao. Sista aliwaachia wenzake, akafungua daftari la jalada gumu lililopigwa mistari kwa rula. Ndani mlikuwa na majina ya watoto waliotarajiwa wiki iliyopita na hawakuonekana.

"Hawa wa benchini wameshajileta," aliniambia. "Kazi yetu ni hawa."

Ratiba ya chanjo naijua kwa moyo, ila wodini sikuwahi kuitazama kwa jicho hilo. Mtoto hupata BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio akizaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hurudi kwa chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro, homa ya ini, nimonia na rota, virusi vya kuharisha. Miezi 9 na miezi 18 ni surua na rubela. Kila tarehe ni mahali mtoto anapoweza kupotea. Na mji huu unapoteza watu upesi, maana kodi ikishinda familia inahama usiku. Surua nayo haisamehe: karibu watoto 95 katika kila 100 lazima wawe wamechanjwa ndipo ikose njia ya kupita. Mwaka 2018 virusi vya polio vilionekana katika sampuli ya maji taka iliyochukuliwa Eastleigh, upande wa pili wa jiji, na watu wakapita nyumba kwa nyumba na matone. Nyumba za kupitiwa hujulikana na wale wanaozipita kila siku.

Tulitoka na mama mmoja mhamasishaji wa afya ya jamii, yule ambaye mtaani wanamwita CHP. Anaishi humuhumu, na kaya 100 hivi ziko chini yake. Yeye ndiye aliyepiga hodi, Sista nyuma yake, mimi mwisho.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na kufuli. Jirani akasema familia imeenda ushago tangu mwenye nyumba aondoe paa. Mhamasishaji alichukua jina la kijiji na namba ya simu ya shemeji, na Sista akapiga palepale kichochoroni, akamweleza mama yule kwamba zahanati yoyote itampa mtoto chanjo iliyobaki, asisubiri kurudi Nairobi. Nyumba ya pili baba alikataa, kwa kuwa mtoto alichemka mwili usiku kucha baada ya sindano ya kwanza. Sista aliketi kwenye jerikeni alilopewa, akamwacha amalize. Kisha akamweleza kwamba joto lile ni mwili kujifunza vita, ni la siku moja au mbili, na kwamba aliyemchoma mtoto alipaswa kumwambia hivyo kabla hajatoka mlangoni. Baba akauliza, "Sasa mbona hamkusema?" Akajibiwa kwa adabu kwamba ana haki ya kuuliza.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Kitabu cha mama na mtoto kiliharibika maji yalipoingia nyumbani. Alipokwenda kliniki bila kitabu alifokewa mbele ya foleni, kwenye kituo ambacho sitakitaja. Hakurudi tena, si pale si kwingine, na mtoto sasa ana mwaka na zaidi bila chanjo ya surua. Chanjo ipo, ni bure na ni jirani, ila kuna ulimi wa mtu mmoja katikati. Sisi wauguzi tunajua tunavyoweza kuwa wakali tukichoka. Nimesikia mengi juu ya mama "wanaopuuza kliniki," na baada ya leo sitalitumia neno hilo kabla sijajua mama alikutana na nani mlangoni.

Jumanne

Simu ya mhamasishaji ililia kabla ya chai. Ploti moja ya vyumba vya kupanga, watoto wanne wanaharisha tangu juzi.

Nilichukua mkoba mawazo yangu yakiwa kwenye dripu. Tulipofika nikafanya niliyozoea: nikavuta ngozi ya tumbo, nikatazama macho, nikamwona mmoja anayekunywa kwa pupa kama aliyetoka jangwani. Huyo tulimkorogea ORS, maji ya chumvi na sukari, hapohapo, kijiko kwa kijiko, mama yake akashika kikombe na mimi nikashika saa. Wote walipewa zinki ya kumeza siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na mdogo wao ambaye hajatimiza miezi 6 akapewa nusu yake. Hata mmoja hakuhitaji kulazwa. Kwangu mimi kazi ingeishia hapo.

Sista alikuwa bado anauliza. Mnanunua wapi maji? Jana mlinunua wapi? Na ile ploti ya ng'ambo, watoto wao wazima? Akachora kwenye daftari: mlango, mlango, choo cha kulipia, mtaro, kibanda cha maji. Ploti ya ng'ambo wanachota kwa muuzaji mwingine, na hakuna aliyeugua. Tukaufuata mpira wa maji kutoka kibandani, mpira mweusi wa plastiki uliounganishwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, hadi ulipotumbukia ndani ya mtaro na kuendelea chini ya uchafu. Maji yakiwa na nguvu, hutoka nje kupitia nyufa. Maji ya mgao yakikatika, mpira hunyonya, na kinachoingia ni kile kinachouzunguka. Maji yakirudi, wa kwanza kuchota ndiye anayekunywa mtaro.

Aliita afisa wa afya ya umma wa wadi. Akaja kwa pikipiki na kisanduku chake, akatia kidonge kwenye kichupa cha maji ya kibandani. Yakiwa na klorini ya kutosha hugeuka waridi. Kiasi cha chini kinachotakiwa ni miligramu 0.2 kwa lita. Yalibaki meupe.

Hapa ndipo nilipouona mpaka wa kazi ya muuguzi wa jamii, na jinsi alivyosimama juu yake. Kufunga kibanda ni mamlaka ya afisa. Kubadilisha bomba ni kazi ya kampuni ya maji na ya mwenye mpira. Sista hana amri kwa yeyote kati yao. Alichokuwa nacho ni watoto wanne, ramani ya kalamu, na imani ya mama waliokuwa wamesimama nyuma yake. Muuzaji wa maji alianza kwa ukali, akasema anaonewa, wauzaji wengine pia mipira yao inapita mtaroni. Na kweli inapita. Sista hakubishana naye. Alimuuliza kama wanawe wanakunywa maji hayo. Akanyamaza, kisha akasema mkubwa wake ameharisha tangu Jumapili. Walikubaliana auinue mpira juu ya ukuta kwa misumari na waya, afisa apime tena keshokutwa, na kwa sasa kila nyumba itie dawa ya klorini kwenye jerikeni na kusubiri nusu saa kabla ya kunywa. Mhamasishaji alibaki kuwaonyesha kipimo.

Nimewaza jioni yote hesabu ya dripu nilizoweka maishani na mipira ambayo sikuwahi kuifuata.

Jumatano

Mvua. Vichochoro havipitiki, siku imekwisha kituoni kwenye kikao cha wahamasishaji. Kuna ubao mweusi ukutani unaoonyesha kaya, wajawazito, watoto chini ya miaka 5, waliojifungulia nyumbani, wanaokohoa. Siku hizi takwimu hutumwa kwa simu, lakini Sista hataki ubao uondolewe, kwa sababu wanakijiji hawaingii kwenye simu ya mtu kusoma habari zao.

Mpango wa kitaifa wa afya ya jamii ulianza 2006, na kwa miaka mingi watu hawa walijitolea bila malipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji zaidi ya 100,000 nchi nzima, ikawapa mikoba yenye kipima presha, kipima sukari, mizani na utepe wa kupima mkono wa mtoto, pamoja na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu na nusu kaunti. Ni kidogo mno. Wengi wao hufua nguo za watu asubuhi ndipo wapite nyumba alasiri. Nasema hili wazi kwa kuwa nimeona: bila wao muuguzi wa jamii ni kipofu, na nchi inayowategemea hivi inawajibika kuwalipa kama wafanyakazi.

Alhamisi

Siku ndefu. Naandika kabla ya kulala nisije nikaipoteza.

Asubuhi Sista alivua kitambulisho chake shingoni, akavaa sweta juu ya gauni, akatia dawa kwenye kikapu na kuzifunika kwa sukuma wiki. Tulikuwa tunamtafuta kibarua wa kiwandani aliyeacha dawa za TB. Muuguzi akiingia ploti hiyo na sare, kufikia jioni majirani wote watakuwa wamejua, na mwenye nyumba huenda akataka chumba chake.

Tulimkuta ametoka zamu ya usiku. Alikuwa amekunywa dawa wiki chache, kikohozi kikatulia, akaona amepona. Kisha akataja jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu: mkojo ulikuwa unatoka rangi ya chungwa, akadhani dawa inamkatakata ndani. Ni rifampisini. Hugeuza mkojo, hata machozi, na haina madhara kwa hilo. Matibabu ni miezi 6, dawa nne kwa pamoja miezi 2 ya kwanza na mbili kwa miezi 4 inayofuata, na hutolewa bure. Lakini anayeacha katikati huwaachia vijidudu nafasi ya kuzizoea, na hapo huanza matibabu mengine marefu na mazito. Sista alimwambia yote hayo kwa sauti ya chini, akamwomba atoe kohozi lipimwe upya kabla ya kumrudishia dawa. Akauliza nani analala humu. Mke na watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Hao nao watapimwa, na yule mdogo akikutwa hana ugonjwa ataanzishwa dawa za kumkinga.

Chumba kilikuwa na dirisha moja, limepigiliwa bati kwa hofu ya wezi. Kabla hatujaondoka Sista alikuwa ameshaongea na keateka, msimamizi wa ploti, juu ya kukata tundu karibu na paa na kuliwekea wavu wa chuma. Nimeuguza wagonjwa wa kifua na sijawahi kuandika dirisha kwenye karatasi ya matibabu.

"Kliniki ya TB inafunguliwa saa ngapi?" nilimuuliza yule kaka tukiaga.

"Saa mbili," alisema. "Saa hiyo mimi nimeshalala, dada. Nikikosa usingizi nakatwa vidole na mashine."

Sista aliliandika hilo.

Alasiri tulikwenda kwa mama aliyejifungua siku tano nyuma. Ziara za siku za mwanzo ndizo Sista asizoziahirisha hata kwa mvua. Mtoto alizaliwa na gramu 2,300, kwa hiyo tulikwenda kumtazama yeye: kitovu kikavu, pumzi za kawaida, ananyonya vizuri. Tukamfundisha mama kumweka kifuani ngozi kwa ngozi, leso juu yao. Nyanya wa mtoto alikuwa ameandaa majivu ya kupaka kitovuni. Sista alimwita "shosho," akamsifu kwa kuilinda nyumba, akamwomba majivu hayo yabaki jikoni.

Kisha akamgeukia mama. Unajisikiaje? "Niko sawa, ni kichwa tu, ni uchovu." Macho? "Yanaona ukungu kidogo." Sista alikuwa tayari anafunga kitambaa cha presha mkononi. Ilikuwa 160 juu ya 110. Akasubiri, akapima tena, ikawa vilevile.

Kifafa cha mimba, degedege linaloambatana na presha ya juu, hakiishi mtoto akitoka. Kinaweza kumkamata mama siku kadhaa baada ya kujifungua, akiwa nyumbani, akiwa ameshapongezwa. Mama huyu asingekuja kituoni. Tarehe ya kliniki yake ilikuwa ya mtoto, wiki ya sita. Ambulansi haiingii kichochoroni. Mhamasishaji alipiga yowe moja tu la kuita vijana, wakambeba kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, tuktuk ikawa inangoja. Sista alipanda naye, mtoto kifuani mwa mama, simu sikioni akiwaeleza wa hospitali wamwandalie magnesiamu ya kuzuia degedege. Shosho na mimi tulifuata na boda.

Saa tatu usiku Sista alinipigia simu. Presha inashuka, hajapata degedege, mtoto yuko naye. Nililia, sioni aibu kusema.

Ijumaa

Shule ya msingi, asubuhi tu. Chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi hutolewa nchini tangu Oktoba 2019, ikianza na wasichana wa miaka 10, na mwalimu alituita tuzungumze na wazazi waliosikia kwamba inafunga kizazi. Haifungi. Walikuja wachache, wakauliza vizuri, wengine wakatia sahihi.

Kilichobaki nami ni orodha ya mwalimu ya wasiohudhuria. Sista aliiomba kabla ya kunywa chai. Alinikumbusha habari tuliyosoma chuoni na ambayo nilikuwa nimeifungia na vitabu: mwaka 1902 jijini New York watoto wengi walikuwa wakifukuzwa madarasani kwa chawa na macho mekundu, na hakuna aliyewafuata kuwatibu, mpaka muuguzi Lina Rogers alipotumwa kwenye shule nne. Aliwatibu shuleni na kuwafuata majumbani, nao wakarudi darasani. Waliomtuma ni nyumba ya wauguzi ya Lillian Wald, ambaye mwenyewe alianza kazi ya mitaani 1893 baada ya mtoto kumwongoza hadi kwa mama yake mgonjwa.

Kwenye orodha ya leo, msichana mmoja hukosa siku nne kila mwezi kwa kukosa sodo, na mvulana mmoja anauguza baba aliyepooza. Sista alichukua majina yote mawili. Kwa baba huyo tutaenda wiki ijayo, alisema, kisha akajirekebisha: "Nitaenda. Wewe utakuwa Mombasa."

Jumamosi

Siku ya mazungumzo, uwanjani kwa chifu, viti vya kanisa. Afisa wa afya ya umma alileta kichupa chake na kupima maji ya kibanda cha Jumanne mbele ya watu. Yaligeuka waridi hafifu. Muuzaji alipigiwa makofi, na wauzaji wengine wawili wakauliza bei ya waya.

Mzee mmoja soja wa getini alisimama kulalamika kwamba ana presha na dawa zimemwishia tangu mwezi jana, kwa kuwa kliniki hufunguliwa akiwa amelala. Vijana wa kiwandani wakamuunga mkono, bila mmoja wao kutaja anaugua nini. Sista akafungua daftari akasoma idadi, si majina: wagonjwa wangapi kwenye orodha ya wasiokuja ni watu wa zamu ya usiku. Walikuwa zaidi ya nusu. Msimamizi wa kituo alisema hana wauguzi wa ziada. Hilo ni kweli, nimeona wodi zao na zetu. Wakavutana kwa muda mrefu kuhusu nani atakuja mapema na nani atatoka mapema, mpaka wakapata njia: kwa miezi mitatu ya majaribio, kila Alhamisi chumba cha TB na presha kitafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na muuguzi wa zamu hiyo ataondoka saa nane mchana.

Wahamasishaji waligawana ploti za kupeleka habari hiyo leo hii, kabla watu hawajaingia zamu. Nami nilipewa mbili karibu na reli, na nimezimaliza saa moja kabla ya treni ya usiku.